Square (kampuni)

Square (kwa Kijapani: 株式会社スクウェア, Kabushiki-gaisha Sukuwea) ilikuwa kampuni ya Japani iliyotengeneza na kutoa michezo ya video kuanzia mwaka 1983 hadi 2003. Nje ya Japani ilijulikana zaidi kwa jina la Squaresoft. Inakumbukwa hasa kwa mfululizo wa michezo ya uhusika uitwao Final Fantasy, pamoja na SaGa, Mana, Chrono Trigger na Kingdom Hearts. Tarehe 1 Aprili 2003 iliungana na mshindani wake wa siku nyingi, kampuni ya Enix, ikawa Square Enix ambayo makao yake makuu yako Tokyo.

Katika miaka yake 20 Square ilikuwa na tabia moja iliyoitofautisha na wenzake: ilikuwa tayari kuweka karibu kila ilichokuwa nacho juu ya kazi moja. Mwaka 1987 tabia hiyo iliiokoa, mwaka 1997 iliifanya ijulikane duniani kote, na mwaka 2001 ilichangia kuimalizia uhuru wake.

Mchezo wa uhusika

Mchezo wa uhusika ni aina ya mchezo wa video ambamo mchezaji huongoza mhusika mmoja au kikundi cha wahusika katika safari ndefu yenye hadithi. Wahusika huanza wakiwa dhaifu. Kila adui wanayemshinda huwaongezea uzoefu, na uzoefu ukifikia kiwango fulani wanapanda ngazi: nguvu zinaongezeka, wanajifunza uchawi mpya, wanaweza kuvaa silaha bora zaidi. Mapambano mara nyingi huenda kwa zamu. Mchezaji huchagua kushambulia, kutibu au kukimbia, kisha adui naye hupata nafasi yake. Kwa hiyo kinachopimwa ni mipango na uvumilivu kuliko wepesi wa vidole, na mchezo mmoja unaweza kuchukua saa 40 au zaidi hadi kumalizika.

Aina hii ilianzia Marekani kwenye mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons (1974), unaochezwa kwa karatasi, penseli na dadu. Baadaye iliingia kwenye kompyuta, hasa kwa michezo ya Ultima na Wizardry iliyotoka mwaka 1981. Wajapani waliokuwa na kompyuta waliipenda, lakini kwa mtu wa kawaida ilikuwa migumu. Aliyeirahisisha ni Yuji Horii, mtunzi wa Dragon Quest, mchezo uliotolewa na Enix tarehe 27 Mei 1986 kwa ajili ya Family Computer ya Nintendo. Mashine hiyo, ambayo kwa kifupi huitwa Famicom, ndiyo iliyoigwa na viwanda vingi vya bei nafuu, na nakala zake zilifika mpaka Afrika Mashariki zikiwa na kaseti za plastiki za kuchomeka juu. Mafanikio ya Dragon Quest yaliwaonyesha watengenezaji wengine wa Japani kwamba hadithi ndefu inaweza kuuzika kwa watu wote, watoto kwa wakubwa.

Mwanzo wa kampuni

Mwanzilishi wa Square ni Masafumi Miyamoto, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Waseda. Baba yake alikuwa na kampuni iliyoitwa Den-Yu-Sha, iliyojenga njia za umeme. Kijana hakuvutiwa na nguzo na nyaya. Septemba 1983 alianzisha Square kama kitengo cha programu za kompyuta ndani ya kampuni ya baba yake, katika eneo la Hiyoshi mjini Yokohama. Hapo jirani palikuwa na kampasi ya Chuo Kikuu cha Keio, na Miyamoto alifungua mahali ambapo wanafunzi waliweza kuja kutumia kompyuta. Waliokuja kujifurahisha waliangaliwa, na wenye kipaji walipewa kazi.

Siku hizo mchezo wa kompyuta kwa kawaida ulikuwa kazi ya mtu mmoja. Aliyeandika programu ndiye aliyechora picha, akatunga hadithi na kutia sauti. Miyamoto aliona kwamba kazi ingekuwa bora kama mchoraji angechora tu, mtunzi akatunga, na mwandishi wa programu akabaki na programu yake. Wazo hilo leo linaonekana la kawaida kabisa, kwa kuwa studio zote kubwa hufanya hivyo, lakini mwaka 1983 lilikuwa geni.

Miongoni mwa vijana walioajiriwa kwa muda walikuwa Hironobu Sakaguchi (amezaliwa 1962) na rafiki yake Hiromichi Tanaka, wote wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama. Wote wawili waliishia kuacha masomo. Mchezo wa kwanza wa Square, The Death Trap, ulitoka mwaka 1984 kwa kompyuta za NEC. Ulikuwa wa maandishi na picha zisizosogea, na uliongozwa na Sakaguchi. Mwaka uliofuata ulifuatiwa na Will: The Death Trap II.

Septemba 1986 Square ilitengana na Den-Yu-Sha ikawa kampuni inayojitegemea, na baadaye ikahamia Tokyo. Wakati huo ilikuwa imeanza kutengeneza michezo ya Famicom na ya kifaa chake cha kusomea diski. Kati ya michezo ya kipindi hicho, 3-D WorldRunner na Rad Racer (yote ya 1987) ilisifiwa kwa kasi yake. Programu zake ziliandikwa na Nasir Gebelli, Mmarekani aliyezaliwa Iran, ambaye tayari alikuwa na jina kubwa miongoni mwa watumiaji wa kompyuta za Apple II. Hata hivyo sifa za ufundi hazikugeuka kuwa fedha. Kufikia mwaka 1987 Square ilikuwa na hali mbaya ya kifedha.

Final Fantasy

Sakaguchi alikuwa ametaka kutengeneza mchezo wa uhusika tangu zamani, ila viongozi hawakuamini kwamba ungeuzika. Dragon Quest iliwabadilisha mawazo. Alipewa ruhusa na kikundi kidogo cha watu: Akitoshi Kawazu alishughulikia mfumo wa mapambano, Koichi Ishii ramani na mawazo mengi ya ulimwengu wa mchezo, Kazuko Shibuya picha ndogondogo za kwenye skrini, na Gebelli programu. Muziki ulitungwa na Nobuo Uematsu, mtu aliyejifundisha mwenyewe. Michoro ya wahusika ilitoka kwa Yoshitaka Amano, msanii aliyekwisha kujulikana kwa katuni za televisheni.

Mchezo ulitoka tarehe 18 Desemba 1987. Vijana wanne wa Nuru, kila mmoja akiwa ameshika fuwele iliyopoteza mwanga, wanatumwa kurudisha uwiano wa dunia. Mchezaji huchagua kazi ya kila mmoja kati ya sita, kama vile mpiganaji, mwizi au mchawi mweupe anayetibu, na uchaguzi huo hubadilisha mchezo mzima. Jina la mchezo lenyewe linaonekana tu baada ya mchezaji kumaliza kazi ya kwanza na kuvuka daraja, kama filamu inayoanza na tukio kabla ya kutaja jina lake. Mapenzi ya Sakaguchi kwa sinema yalionekana hapo tangu siku ya kwanza.

Square ilipanga kutoa nakala 200,000. Sakaguchi aliomba zifike 400,000, kwa hoja kwamba nakala chache zingefunga mlango wa kutengeneza mchezo wa pili. Alikubaliwa. Mchezo uliuzwa zaidi ya nakala 500,000 nchini Japani, na kampuni ikaokoka.

Kuhusu jina, hadithi iliyoenea ni kwamba Sakaguchi aliuita "wa mwisho" kwa sababu ungekuwa mchezo wake wa mwisho: ukishindwa, angerudi chuoni. Ni kweli kwamba aliwahi kusema alikuwa tayari kuacha kazi. Lakini mwaka 2015 alieleza kwamba kilichotafutwa kwanza kilikuwa jina lenye herufi mbili za F, kwa kuwa kifupi "FF" kinatamkika vizuri kwa Kijapani. Jina lililofikiriwa mwanzoni lilikuwa Fighting Fantasy, lakini lilikuwa limeshatumika kwa mfululizo wa vitabu vya mchezo vya Uingereza. Neno "Final" likachukua nafasi yake. Kwa hiyo hadithi ya kukata tamaa ina ukweli ndani yake, ila jina halikutokana nayo moja kwa moja kama inavyosimuliwa.

Kukua katika kipindi cha Nintendo

Final Fantasy II ilifuata Desemba 1988. Badala ya kuendeleza hadithi ya kwanza, ilianza dunia mpya na wahusika wapya, na desturi hiyo imebaki katika mfululizo hadi leo. Namba inapobadilika hubadilika karibu kila kitu, isipokuwa vitu vichache vya kudumu, kama ndege mkubwa wa kupandwa aitwaye chocobo na mhusika wa jina la Cid, ambao wote walianzia katika mchezo huo wa pili. Kawazu aliondoa ngazi za uzoefu: anayetumia upanga sana anakuwa hodari wa upanga, anayepigwa sana anaongeza uhai. Wachezaji wakagundua haraka kwamba wanaweza kuwapiga wahusika wao wenyewe ili wawe imara. Mfumo huo haukurudi katika Final Fantasy, lakini Kawazu hakuuacha. Aliupeleka kwenye mfululizo wake wa SaGa. SaGa ya kwanza, iliyotoka Desemba 1989 kwa mashine ya mkononi ya Game Boy, ndiyo iliyokuwa mchezo wa kwanza wa Square kuuzwa zaidi ya nakala milioni moja.

Final Fantasy III (Aprili 1990) ina kisa chake. Kazi ikiwa katikati, kibali cha Gebelli cha kufanya kazi Japani kiliisha na ikambidi arudi Sacramento, Marekani. Square haikutafuta mtu mwingine. Wenzake walifungasha vifaa wakamfuata, na mchezo ukamaliziwa huko California. Kaseti yake ilikuwa na kilobaiti 512, kiwango kikubwa kwa Famicom, ingawa leo picha moja ya simu inaweza kuzidi hapo mara kadhaa.

Mashine iliyofuata ya Nintendo, Super Famicom, ndiyo iliyoipa Square nafasi ya kusimulia hadithi za watu wazima zaidi. Final Fantasy IV (1991) inamhusu askari anayetambua kwamba mfalme anayemtumikia anamtumia kuua wasio na hatia. Humo ndimo Hiroyuki Ito alipoingiza mfumo mpya wa mapambano ambamo saa haisimami: mchezaji anapofikiri, adui anaendelea. Secret of Mana (1993) iliwaruhusu watu hadi watatu kucheza pamoja. Final Fantasy VI (1994) ina wahusika 14 wanaoweza kuchezwa, na inafanya jambo ambalo michezo michache ilithubutu: katikati ya hadithi mwovu anashinda na dunia inaharibika, na nusu ya pili inahusu walionusurika.

Wasomaji wanaokutana na michezo hii kwa Kiingereza huchanganyikiwa na namba. Square haikutoa yote nje ya Japani, kwa hiyo ile ya nne iliuzwa Marekani ikiitwa ya pili, na ya sita ikaitwa ya tatu. SaGa nayo iliuzwa kule kwa jina la The Final Fantasy Legend, ingawa haikuwa sehemu ya mfululizo huo.

Kilele cha kipindi hicho ni Chrono Trigger, iliyotoka tarehe 11 Machi 1995. Sakaguchi alifanya kazi na Yuji Horii, mtunzi wa Dragon Quest ya wapinzani wao, na Akira Toriyama, mchoraji wa Dragon Ball. Ilikuwa kama nahodha wa Simba na nahodha wa Yanga kuamua kucheza timu moja kwa msimu mmoja. Muziki ulianzwa na Yasunori Mitsuda, kijana aliyefanya kazi hadi akaugua, na Uematsu akamsaidia kumalizia. Mchezo unawapeleka wahusika katika nyakati mbalimbali, tangu enzi za kabla ya historia hadi dunia iliyoharibika ya siku za usoni, na una miisho zaidi ya kumi kulingana na wakati mchezaji anapoamua kupambana na adui mkuu. Mwaka mmoja baadaye, Machi 1996, Square ilitoa Super Mario RPG kwa kushirikiana na Nintendo wenyewe. Uliwahi kuonekana kama mwanzo wa urafiki mkubwa zaidi, kumbe ulikuwa mwisho.

Kuhama kwenda PlayStation

Chanzo cha kutengana kilikuwa kaseti. Kaseti ya Final Fantasy VI ilikuwa na megabaiti 3. CD moja ilibeba takribani 650. Sony ilipotoa PlayStation nchini Japani Desemba 1994 ilichagua CD, huku Nintendo ikiamua kwamba mashine yake mpya, Nintendo 64, ibaki na kaseti. Nintendo ilikuwa na sababu: kaseti husomeka papo hapo, wakati CD humlazimu mchezaji kusubiri, tena ni rahisi kunakiliwa kwa wizi. Kwa michezo ya kuruka na kukimbia hoja hizo zilikuwa na uzito. Kwa Square, iliyotaka kuweka vipande vya filamu ndani ya mchezo, zilikuwa hazina maana. Isitoshe, kaseti ilikuwa ghali kutengeneza. Final Fantasy VI iliuzwa kwa yeni 11,400. Final Fantasy VII, yenye CD tatu, iliuzwa kwa yeni 6,800.

Januari 1996 Square ilitangaza kwamba Final Fantasy VII ingetoka kwa PlayStation. Uamuzi huo ulikuwa hatari. Mashine za Nintendo ndizo zilizoilea kampuni kwa miaka kumi, na Sony ilikuwa mgeni katika biashara ya michezo. Uhusiano na Nintendo ulivunjika vibaya, na kwa miaka kadhaa hakuna mchezo mpya wa Square uliotoka kwa mashine za Nintendo. Ilipotaka kuwa na michezo ya mkononi, Square iligeukia WonderSwan ya kampuni ya Bandai. Wakati huohuo, mwaka 1996, ilianzisha kampuni ya usambazaji iitwayo DigiCube ili michezo yake iuzwe katika maduka madogo ya mitaani yanayokaa wazi saa 24, badala ya kutegemea maduka ya michezo peke yake.

Final Fantasy VII ilitengenezwa na watu zaidi ya 100 kwa gharama inayotajwa mara nyingi kuwa dola za Marekani milioni 40 au zaidi, bila kuhesabu matangazo. Hakuna mchezo wa Kijapani uliokuwa umegharimu kiasi hicho. Mwongozaji alikuwa Yoshinori Kitase, wahusika walichorwa na Tetsuya Nomura, na hadithi iliandikwa na Kitase pamoja na Kazushige Nojima. Mhusika mkuu, Cloud, ni askari wa kukodiwa asiyejua vizuri yeye mwenyewe ni nani. Anajiunga na kikundi kinachopambana na kampuni ya umeme inayonyonya uhai wa sayari na kuugeuza nishati. Kwa kampuni iliyozaliwa ndani ya biashara ya njia za umeme, adui huyo ana kinaya chake.

Mchezo ulitoka tarehe 31 Januari 1997 na kuuzwa nakala zaidi ya milioni 2 nchini Japani ndani ya siku chache. Ulipofika Marekani Septemba mwaka huo na Ulaya Novemba, uliwafanya watu wengi waujue mchezo wa uhusika wa Kijapani kwa mara ya kwanza. Mauzo yake yamepita nakala milioni 10. Tukio linalokumbukwa zaidi ni kifo cha Aerith, mmoja wa wahusika wakuu, ambaye mchezaji amesafiri naye kwa saa nyingi na kumjengea nguvu. Anauawa na wala harudi. Watengenezaji walisema walitaka kifo kiwe kama kilivyo maishani, cha ghafla na bila maandalizi. Kwa miaka mingi ulienea uvumi wa njia ya siri ya kumfufua, na wachezaji waliitafuta bila mafanikio kwa sababu haikuwepo.

PlayStation ilisambaa pia Afrika Mashariki, lakini kwa namna nyingine. Kuanzia Dar es Salaam hadi miji ya barabara kuu kama Makambako, vijana wengi waliifahamu kupitia vibanda vya gemu, ambako mteja hulipa kwa mechi au kwa dakika. Hapo palitawala mpira na mapigano. Mchezo unaodai saa 40, memori kadi ya kuhifadhi ulipofikia na uwezo wa kusoma mazungumzo marefu ya Kiingereza haukuwa na nafasi katika biashara ya aina hiyo, na ndiyo sababu mojawapo jina la Square halijulikani sana huku kama majina ya watengenezaji wa michezo ya mpira.

Miaka iliyofuata ilikuwa na mavuno mengi. Final Fantasy Tactics (1997) ya Yasumi Matsuno, Xenogears (1998) ya Tetsuya Takahashi, Parasite Eve (1998), Chrono Cross (1999) na Vagrant Story (2000) zilitoka ndani ya muda mfupi, pamoja na Final Fantasy VIII (1999) na IX (2000). Final Fantasy X, iliyotoka Julai 2001 kwa PlayStation 2, ilikuwa ya kwanza katika mfululizo ambamo wahusika walisikika wakizungumza kwa sauti za waigizaji.

Lakini kampuni ilipozidi kutegemea jina la Final Fantasy, baadhi ya wabunifu waliona hawana nafasi. Takahashi aliondoka na wenzake wakaanzisha Monolith Soft mwaka 1999. Baadhi ya watengenezaji wa Mana walianzisha Brownie Brown mwaka 2000 wakisaidiwa na Nintendo. Tetsuo Mizuno, aliyewahi kuwa rais wa Square, alianzisha AlphaDream, ambayo baadaye ilitengeneza michezo ya Mario & Luigi.

Filamu ya mwaka 2001

Sakaguchi alikuwa amefikia hatua ambayo michezo haikumtosha. Mwaka 1997 Square ilifungua studio Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, na humo ikazaliwa Square Pictures kwa ajili ya filamu ndefu iliyotengenezwa yote kwa kompyuta: Final Fantasy: The Spirits Within. Filamu za kompyuta zilikuwepo, kama Toy Story ya 1995, lakini zilikuwa za wanasesere, wadudu na wanyama. Sakaguchi alitaka binadamu wanaofanana na watu wa kweli. Watu wapatao 200 walifanya kazi hiyo kwa takribani miaka minne. Mhusika mkuu, mwanasayansi Aki Ross, alikuwa na nywele zipatazo 60,000, kila moja ikihesabiwa na kompyuta pale anapogeuza kichwa. Kampuni ilitumaini kumtumia Aki kama mwigizaji wa kudumu, aonekane katika filamu nyingine akiwa na majina mengine.

Filamu ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 11 Julai 2001. Gharama zake zilifikia dola milioni 137. Mapato ya majumba ya sinema duniani kote yalikuwa takribani dola milioni 85, na sehemu kubwa ya mapato kama hayo hubaki kwa wenye majumba na wasambazaji. Picha zilisifiwa. Hadithi haikusifiwa, na wapenzi wa michezo walishangaa kutokuona fuwele, uchawi wala chocobo. Mwaka huohuo Shrek, filamu ya kompyuta yenye jitu la kijani na punda anayesema, ilipata mafanikio makubwa. Watazamaji walionyesha kwamba hawakuwa na haja ya nywele 60,000 ili wampende mhusika.

Square Pictures ilitengeneza kazi moja zaidi, filamu fupi katika mkusanyiko wa The Animatrix, kisha ikafungwa. Sakaguchi aliachia wadhifa wake katika uongozi mwaka 2001. Oktoba mwaka huo Sony ilinunua asilimia 18.6 ya hisa za Square kwa takribani yeni bilioni 14.9, fedha zilizoipa kampuni pumzi. Desemba urais ulikwenda kwa Yoichi Wada, mtu wa fedha aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni ya hisa ya Nomura.

Si haki kusema kwamba filamu peke yake iliiangusha Square, kama inavyoandikwa mara nyingi. Gharama za michezo yenyewe zilikuwa zimepanda kwa kila mashine mpya, na mazungumzo ya kuungana na Enix yalikuwa yameanza kabla filamu haijatoka. Kilichofanywa na filamu ni kuidhoofisha Square mezani. Enix ilipoona hasara ile ilisita kuendelea na mazungumzo.

Kuungana na Enix

Wada alipunguza matumizi na kuirudisha kampuni kwenye faida. Kingdom Hearts, iliyotoka Machi 2002, iliwakutanisha wahusika wa Square na wale wa Disney, na ilimpa Nomura nafasi yake ya kwanza ya kuongoza. Inasemekana wazo lilizaliwa ndani ya lifti, kwa kuwa Square na ofisi ya Disney ya Japani ziliwahi kuwa katika jengo moja. Mwezi Mei ilifuata Final Fantasy XI, mchezo wa intaneti ambao wachezaji huulipia kila mwezi. Wengi waliudharau mwanzoni, lakini kwa miaka mingi uliingiza fedha kwa utulivu ambao michezo ya kuuzwa mara moja haiwezi kuupata. Uhusiano na Nintendo nao ulirudi.

Tarehe 26 Novemba 2002 kampuni mbili zilitangaza kwamba zingeungana. Enix, iliyoanzishwa na Yasuhiro Fukushima mwaka 1975, ilikuwa na wafanyakazi wachache, kwa kuwa yenyewe ilitoa michezo na kuwaachia wengine kuitengeneza. Square ilikuwa na kundi kubwa la watengenezaji. Kisheria Enix ndiyo iliyobaki na Square ikafutwa. Pendekezo la kwanza lilikuwa kila hisa moja ya Square ibadilishwe kwa 0.81 ya hisa ya Enix. Miyamoto, mwanzilishi ambaye alikuwa ameacha uongozi miaka mingi nyuma lakini bado anamiliki takribani asilimia 40 ya Square, alipinga. Kiwango kilipandishwa hadi 0.85, akakubali.

Matokeo yake yalikuwa ya pande mbili. Jina la Square lilitangulia, Wada akawa rais, na takribani asilimia 80 ya wafanyakazi wa kampuni mpya walitoka Square. Hata hivyo mwenye hisa nyingi zaidi alikuwa Fukushima wa Enix. Mchezo wa mwisho wa Square kabla ya muungano ulikuwa Final Fantasy X-2, uliotoka tarehe 13 Machi 2003, na ndio uliokuwa wa kwanza kuendeleza moja kwa moja hadithi ya mchezo mwingine wa namba katika mfululizo huo. DigiCube ilifilisika Novemba mwaka huohuo.

Sakaguchi alianzisha kampuni yake, Mistwalker, mwaka 2004, akatengeneza Blue Dragon (2006) na Lost Odyssey (2007), nyingi kati ya kazi zake zikiwa na muziki wa Uematsu. Kampuni aliyoiacha iliendelea na mfululizo wake bila yeye, na kuanzia mwaka 2020 imekuwa ikitoa upya Final Fantasy VII kwa sehemu. Desemba 2024 mchezo wa Mistwalker uitwao Fantasian, ambao awali ulipatikana kwa vifaa vya Apple tu, ulitolewa upya kwa mashine nyingine. Waliouchapisha walikuwa Square Enix.